Kinanda cha Umeme Kanisani: Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe

Siku hizi vinanda vya umeme vimeingia katika parokia zetu nyingi za Mbulu na Hanang. Ukipita Dongobesh siku ya Dominika, au ukishuka mpaka Katesh chini ya mlima Hanang, utasikia kinanda kikilia kabla hujaliona kanisa. Zamani kinanda kilikuwa kile cha mvukuto: mpigaji alikanyaga kwa miguu ili upepo uingie, huku vidole vikipiga. Leo hata kigango kisicho na nguzo ya umeme chaweza kuwa na kinanda, maana paneli ya jua ipo juu ya bati.

Lakini pamoja na furaha hiyo limekuja swali. Wazee wanauliza: "Je, chombo hiki kinatusaidia kuimba, au kinaimba badala yetu?" Vijana wakisikia hivyo hucheka, wakidhani wazee wanaogopa mambo mapya. Sivyo. Swali hilo ni la haki, na katika parokia yetu lilitaka kuleta mafarakano. Basi napenda kuwasimulia yaliyotupata na tuliyojifunza, pengine yatawafaa wengine walionunua kinanda au wanaochanga fedha wakinunue.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni madaftari: ubatizo, ndoa, mazishi, na michango. Kwa hiyo kinanda chetu nilikijua kwanza kwa kalamu kabla ya kukijua kwa masikio. Niliandika majina ya waliotoa shilingi, na majina ya wale wasio na shilingi waliotoa mahindi, maharage na vitunguu saumu. Mjane mmoja alileta debe la mahindi. Watoto wa Utoto Mtakatifu walileta mayai. Kinanda kilipofika kutoka Arusha, kimefungwa kwa blanketi ndani ya basi, kila mtu aliyekitazama alikuwa akitazama sehemu ya jasho lake.

Dominika za kwanza zilikuwa za shangwe. Lakini baada ya miezi michache nikaona jambo. Kwaya iliimba, kinanda kililia, spika zilivuma, na mabenchi yalinyamaza. Watu walisimama wakitazama mbele kama watu wanaotazama mchezo. Mama mmoja mzee wa jumuiya ya bondeni, aliyekuwa akituanzishia nyimbo tangu kabla ya kwaya kuwa na sare, alikaa na mikono ndani ya shuka, midomo imefungwa. Nilipomwuliza kwa nini haimbi siku hizi, alinijibu: "Wimbo umepanda juu ya dari, mwanangu, nami sina ngazi."

Neno likafika kwenye halmashauri ya walei. Mzee mmoja akasema wazi: kinanda kiuzwe, na fedha zinunue bati za kigango ambacho mvua inanyesha ndani. Vijana wa kwaya wakasema kinanda kikiuzwa na wao watakaa nyumbani. Ikawa hatari ya kupoteza yote mawili, kinanda na kwaya. Padre paroko akasikiliza kila upande, kisha akasema: "Tungoje hadi Majilio. Mwalimu wa kwaya na karani wakae na kijana mpigaji, wakijue chombo hiki sawasawa. Halafu tutaamua." Mimi niliingizwa kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu, na huko tulifundishwa do-re-mi na kupiga kinanda kidogo.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kinanda chetu kilikuwa kimekaa ugenini mno. Kila mtu alikishangaa, wala hakuna aliyekipa kazi maalumu. Basi tukakaa jioni tatu kila juma, tukashika kitufe kimoja kimoja, tukiuliza swali lile lile: hiki kinawasaidiaje watu kuimba?

Kwanza tujue chombo chenyewe. Piano ya kwanza ilitengenezwa na Mwitalia, Bartolomeo Cristofori wa mji wa Florence, yapata mwaka 1700. Neno piano kwa Kiitaliano maana yake ni polepole, kwa sauti ndogo, na jina lake kamili lilikuwa na maana ya polepole na kwa nguvu, kwa kuwa mpigaji aliweza kulegeza au kukaza sauti kwa mguso wa kidole tu. Ndani yake mna nyuzi na nyundo ndogo. Kinanda cha umeme hakina nyuzi. Ndani yake mmehifadhiwa sauti za piano halisi zilizorekodiwa. Ukigonga kibao, kifaa kidogo chini yake hupima kasi ya kidole, na mashine hutoa sauti ndogo au kubwa kufuata kasi hiyo. Kinanda kamili kina vibao 88, vyeupe na vyeusi. Vingi vya bei nafuu vina 61. Kwa wimbo wa kanisa hata 61 vyatosha.

Sasa umeme. Kila kinanda kina adapta yake, na maandishi yake sharti yasomwe. Chetu kinataka volti 12. Mtu mmoja alishauri tukiunge moja kwa moja na betri ya gari, kwa kuwa nayo ni ya volti 12. Hapana. Betri inapojazwa na paneli yaweza kufika volti 14 na zaidi, tena ncha zikigeuzwa kinanda kitakufa papo hapo. Afadhali kutumia inveta na adapta yake yenyewe. Na kuna utaratibu wa kuwasha: punguza sauti yote, washa kinanda, kisha washa amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima anza na amplifaya. Ukifanya kinyume, spika hupiga kishindo kama bunduki, na kwa kishindo cha namna hiyo spika huharibika.

Liko jambo jingine lililotusumbua. Mara kadhaa baada ya mahubiri kijana aliweka vidole juu ya vibao, na kinanda kikawa kimya. Watu wakadhani kimeharibika. Kumbe vinanda vingi hujizima vyenyewe visipopigwa muda fulani, mara nyingi dakika 30, ili kuhifadhi umeme. Mahubiri pamoja na matangazo ya ndoa hufika huko. Katika vinanda kadhaa vya Yamaha, ukishikilia kibao cha mwisho cha kushoto huku unawasha, kinanda hakitajizima tena. Kwa vingine yafaa kutazama kitabu chake. Msitupe kitabu hicho! Chetu tulikikuta stoo chini ya majani ya Dominika ya Matawi.

Tukaja kwenye jambo kubwa, nalo ndilo lililomfunga midomo yule mama. Kijana wetu alijifunza mwenyewe, kwa kutazama wenzake na simu. Alijua kupiga do ikiwa C tu, yaani kwenye vibao vyeupe. Si aibu, ndivyo wengi wanavyoanza. Lakini mtunzi wa wimbo huandika juu ya karatasi mahali pa do: do ni G, do ni F, do ni D. Wimbo ulioandikwa do ni G ukiupandisha mpaka C, kila noti hupanda hatua nusu tano. Wanakwaya vijana watajikaza shingo, bali mkulima wa miaka 60 aliyetembea saa mbili katika ukungu hawezi. Atanyamaza, nasi tutasema watu hawana moyo wa kuimba.

Dawa yake imo ndani ya kinanda. Ni kitufe cha transpozi. Kitufe hiki husogeza kinanda chote juu au chini, bila mpigaji kubadili vidole vyake. Wimbo ni do ni G? Weka kutoa tano: utapiga vibao vile vile vya C, na sauti itatoka G. Do ni D? Weka kuongeza mbili. Do ni F? Kuongeza tano. Kila hesabu ni nusu hatua moja, yaani kutoka kibao kimoja mpaka cha jirani yake, kiwe cheupe au cheusi. Tena si lazima kutii karatasi kama sheria ya mirathi. Mtunzi alifikiria kwaya. Misa ya asubuhi na mapema, koo zikiwa bado zina baridi ya Mbulu, yaweza kutaka wimbo ushuke nusu hatua moja au mbili zaidi. Tulimwita yule mama pamoja na wazee wawili waje mazoezini. Tuliimba wimbo mmoja mara nne, kila mara tukishuka kidogo. Mara ya nne alitoa mikono kwenye shuka.

Lakini angalizo: andika hesabu hiyo kwa penseli juu ya kila wimbo, na ukimaliza rudisha sifuri. Kinanda kikizimwa mara nyingi hurudi chenyewe, ila kikiwa kimewaka hakisahau, na wimbo unaofuata utatoka mahali pa ajabu. Na mpigaji asiridhike na kitufe hiki maisha yake yote. Ni fimbo ya kutembelea mpaka mguu upone. Kijana wetu sasa anajifunza do ni G na do ni F kwa vidole vyake mwenyewe.

Baada ya hapo ni milio. Kinanda chaweza kutoa mlio wa piano, wa ogani, wa fidla nyingi kwa pamoja, na mingine mingi isiyo ya kanisani. Tuligundua tofauti moja yenye faida. Mlio wa piano ukishapigwa huanza kufifia hata kama kidole hakijaondoka. Mlio wa ogani hudumu mpaka uondoe kidole. Kwa hiyo ogani inafaa kushika watu wengi wanaoimba polepole, kwa kuwa inawabeba; piano inafaa zaburi na wimbo wa mtu mmoja, kwa kuwa inampa nafasi. Kitufe kingine huunganisha milio miwili, mathalani piano na fidla. Kingine hugawanya vibao, upande wa kushoto ukatoa besi na wa kulia ogani. Vyote ni vizuri, lakini kuunganisha milio huongeza sauti, na sauti ikiongezeka maneno hupotea. Sisi tuliamua: mlio mmoja kwa wimbo mmoja.

Pedali ya mguu nayo ina kazi yake. Ukiikanyaga, sauti hazikatiki. Katika nyumba yenye dari na mapazia ni tamu. Katika kanisa letu la bati na sakafu ya saruji, sauti tayari zinazunguka zenyewe. Ukikanyaga pedali bila kuinua, noti zote hupikwa pamoja kama makande. Kanyaga, inua kila sauti zinapobadilika, au iache kabisa.

Nimebakiza ngoma ya mashine. Humo ndani mna midundo ya kila namna, ukibonyeza inaanza yenyewe, na vijana wanaipenda. Hapa maneno yalikuwa makali. Mwalimu wa kwaya alikumbusha kwamba mwaka 1958 Roma ilitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, yaliyokataza vyombo vinavyojipiga vyenyewe, kama vile gramafoni, kutumika katika ibada. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaisifu ogani ya mabomba, na ukaruhusu vyombo vingine vinavyostahili hekalu na kuwajenga waamini. Nami nasema hata mtu asiyejua hati hizo anaweza kuona sababu. Ngoma ya mashine haisubiri. Mtu anapovuta pumzi mwisho wa mstari, mpiga ngoma wa kweli humtazama na kumngoja. Mashine haina macho. Inakwenda mbele, na wazee wanabaki nyuma mstari mzima, kisha wanaacha.

Yule mzee aliyetaka kinanda kiuzwe ndiye aliyetupa neno zuri kuliko yote. Alitukumbusha slufay, ile sala ya baraka ya Wairaqw ambayo mzee hunena na watu huitikia. "Mwenye kunena," alisema, "akinena bila kunyamaza, watu wataitikia saa ngapi?" Hakuna aliyemjibu. Kijana alinyosha mkono akazima mdundo. Tangu siku ile ngoma zetu zinapigwa kwa mikono.

Hata hivyo mashine hiyo isitupwe yote, maana ina faida kubwa mazoezini. Ipo metronomu, inayogonga sawasawa kama saa. Ukiiweka 60, inagonga mara moja kila sekunde. Kwaya ambayo huanza polepole na kumaliza mbio itajijua yenyewe. Ikitumika mazoezini, Dominika haihitajiki. Tena kinanda kinaweza kurekodi. Mwalimu wetu hupiga sauti ya pili peke yake, akairekodi, kisha wanawake wa sauti ya pili wakajifunza naye hata akiwa shambani. Kwa ajili ya vigango vya mbali tunapiga kila sauti peke yake na kuirekodi kwa simu, na katekista anaipeleka kwa pikipiki. Wimbo uliokuwa ukichukua mwezi mzima sasa unachukua majuma mawili. Na vipo visikilizio vya masikioni: mtoto anaweza kujizoeza sakristia watu wengine wakisali rozari, wala hakuna anayesumbuliwa.

Majilio yalipofika paroko aliita halmashauri tena. Uamuzi ulikuwa mfupi. Kinanda kibaki. Spika zielekezwe kwa kwaya, zisielekezwe masikioni mwa watu. Kitufe cha sauti kiwekwe alama ya rangi, na mpigaji asiipite. Katika kila Misa beti moja ya wimbo wa kuanza au wa mwisho iimbwe bila kinanda kabisa, ili tujisikie wenyewe. Padre anaposali sala zake, kinanda kinyamaze, wala kisilie chinichini. Na katika Kwaresima kisindikize wimbo tu, kisipige peke yake, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu, kama Kanisa linavyoelekeza.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yamenyooka. Wako wazee ambao hata leo wangependa tuimbe bila kinanda, na nawaheshimu. Bati za kigango bado tunachangia, na daftari lake liko mezani kwangu. Vijana wawili waliacha kwaya kwa hasira ya ngoma ya mashine, mmoja amerudi. Lakini beti ile isiyo na kinanda, mabenchi yanapoimba, ni kubwa kuliko spika zetu zote, na yule mama wa bondeni ndiye anayeishika.

Ndugu wazazi, nawaomba mambo mawili. La kwanza, kabla hamjachangia kinanda, ulizeni nani atakipiga na nani atamfundisha. Fedha ya kujifunza iandikwe katika daftari lile lile la fedha ya kununua. La pili, msimwache mpigaji awe mmoja. Kijana hodari ataitwa Arusha au Dodoma kutafuta kazi, na siku hiyo kinanda kitafunikwa kitambaa na kuwa kabati la vumbi. Toeni watoto watatu, wasichana na wavulana, kila mmoja siku yake. Wafundisheni kwanza kupunguza sauti, pili kutafuta do ya watu wao, tatu kusikiliza mabenchi. Hayo matatu wakiyajua, vitufe vingine watavijua wenyewe.